Utafiti wa tiba hupimwaje? Kutoka hesabu ya marejeleo hadi kitanda cha mgonjwa

Maandishi ya mada kwa wahamasishaji wa afya ya jamii, wahudumu wa hospitali na wananchi



Mtafiti wa tiba anapoomba kazi, cheo au fedha za mradi, huulizwa mambo mawili mapema: amechapisha makala mangapi, na makala hayo yamerejelewa mara ngapi? Majibu huandikwa kwa tarakimu, na tarakimu hizo huamua mengi. Mwananchi ambaye mtoto wake alishiriki katika utafiti ana haki ya kujua zina maana gani.

Mtafiti anapoandika, hutaja kazi za wenzake alizozitegemea au anazozipinga. Kila kazi inapotajwa, imerejelewa mara moja. Mmarekani Eugene Garfield ndiye aliyeanzisha hesabu hii kwa utaratibu, na faharasa yake ya marejeleo ya sayansi ilizinduliwa mwaka 1964. Mwaka 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipendekeza kipimo kinachoitwa h. Mtafiti akiwa na makala 20 ambayo kila moja limerejelewa angalau mara 20, h yake ni 20. Akiwa na makala 100 ambayo hakuna aliyeyataja, h yake ni sufuri. Akiwa na moja tu lililotajwa mara 5,000, h yake ni 1.

Kipimo hiki kina faida. Kinaonyesha kama neno la mtafiti limewafikia wanataaluma wenzake. Hata hivyo, hakisemi kama wanamtaja kwa kumsifu au kwa kumkosoa. Mwaka 1998, jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, yaliyozua hofu kwamba chanjo ya surua huleta usonji. Jarida liliyafuta mwaka 2010. Makala hayo yametajwa mara nyingi mno, na sehemu kubwa ya waliyoyataja walikuwa wakiyapinga. Kutajwa sana si sawa na kuwa sahihi.

Sasa tutazame mfano wa hapa Pwani. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kimekuwa Kilifi tangu mwaka 1989, kikifanya kazi bega kwa bega na hospitali ya umma. Mmoja wa watafiti wake ni Profesa Kathryn Maitland, daktari wa watoto. Makala yake yanayojulikana zaidi ni ya utafiti ulioitwa FEAST, yaliyotoka mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine.

Swali la utafiti huo lilitoka wodini. Mtoto analetwa ana homa kali, mikono na miguu ni baridi, na damu haizunguki vizuri mwilini. Miongozo ya kimataifa ilielekeza atiwe maji mengi ya dripu kwa haraka. Lakini je, mapendekezo hayo yalikuwa yamejaribiwa ipasavyo kwa watoto wa Afrika, katika hospitali zisizo na vyumba vya wagonjwa mahututi?

Watoto 3,141 walihusishwa katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwa mojawapo. Zaidi ya nusu yao walikuwa na malaria. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Mawili yalipewa maji kwa haraka, ya aina mbili tofauti. Kundi la tatu halikupewa maji hayo ya haraka, bali lilipata matibabu mengine yote na maji ya kawaida ya taratibu.

Wengi walitarajia maji ya haraka yaokoe maisha. Ndani ya saa 48, asilimia 10.6 na 10.5 ya watoto wa makundi mawili ya kwanza walikuwa wamefariki. Katika kundi la tatu ilikuwa asilimia 7.3. Kwa kila watoto 100 waliotiwa maji kwa haraka, watatu zaidi walipotea. Usajili wa watoto ulisimamishwa Januari 2011 kabla ya kufikia idadi iliyopangwa.

Tahadhari kwa wazazi: matokeo haya hayamaanishi kwamba dripu ni mbaya. Watoto wanaoharisha hawakuwa sehemu ya utafiti huo, na aliyekaukiwa maji mwilini anayahitaji. Aamue mhudumu aliyefunzwa.

Makala hayo yamerejelewa sana duniani. Mwanzoni yalizua mabishano makali, maana yaligusa desturi iliyozoeleka. Ilipofika mwaka 2016, mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani ulieleza kwamba mtoto ambaye mzunguko wake wa damu una kasoro lakini hayuko katika hali kamili ya mshtuko asitiwe maji kwa haraka. Kati ya kuchapishwa na mwongozo huo imepita miaka mitano. Katika miaka hiyo hesabu ya marejeleo ilipanda, lakini hesabu hiyo peke yake haikubadilisha agizo lililobandikwa ukutani mwa wodi.

Kuna jambo jingine ambalo tarakimu haziwezi kueleza. Utafiti huu haukuwa wa mtu mmoja. Jina la pili katika orodha ya waandishi ni la Sarah Kiguli, daktari wa watoto wa Chuo Kikuu cha Makerere. Nyuma ya orodha hiyo kuna wauguzi waliokesha wakipima mapigo ya moyo, na wazazi waliokubali watoto wao washiriki wakiwa katika saa ngumu kabisa. Hao hawana kipimo cha h.

Tangu ugatuzi wa mwaka 2013, hospitali za kaunti ziko chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo, mtafiti anapokuja na orodha ndefu ya machapisho, aheshimiwe, kisha aulizwe maswali matatu. Waliomrejelea walisema nini? Ni mwongozo gani wa tiba umebadilika kwa sababu ya kazi yake? Na matokeo yaliwafikiaje wananchi walioshiriki, kwa lugha wanayoielewa?

Wahamasishaji wa afya, maswali hayo yapelekeni barazani. Wahudumu wa wodi, hakikisheni mwongozo unaotumika zamu ya usiku ndio ule ule uliotolewa karibuni.