Uthibitisho Unaodaiwa hadi kwa Babu: Wanubi na Kitambulisho cha Taifa nchini Kenya

Kifungu cha 14 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinatamka kwamba mtu ni raia wa kuzaliwa iwapo, siku aliyozaliwa, baba au mama yake alikuwa raia. Sharti hilo halitaji kabila, dini wala jina la ukoo. Makala hii inachunguza jinsi taratibu za usajili zilivyoyarudisha yote matatu mezani na kumfanya raia aonekane mgeni katika nchi aliyozaliwa, na inawatazama zaidi Wanubi wa Kibra, jijini Nairobi.

Wanubi ni wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la kikoloni la Uingereza Afrika Mashariki, King's African Rifles, ambao baada ya utumishi wao walipewa makazi Kibra badala ya kurejeshwa kwao. Waliishi hapo kwa idhini tu, pasipo hati ya ardhi, nao wakoloni hawakuwahesabu miongoni mwa wenyeji waliotengewa maeneo yao. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, mtazamo huo ulirithiwa, hata jamii ambayo babu zake walipigana vita kuu mbili chini ya bendera ya Uingereza ikabaki bila pahali inapohesabiwa kuwa kwao.

Athari yake hujitokeza kijana anapofikisha miaka 18. Wenzake wengi hupeleka cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, kisha wakasubiri. Kijana wa Kinubi kwa miaka mingi ametakiwa kupigwa msasa, yaani kuhojiwa na kamati ya maafisa na wazee kuhusu asili yake, na mara nyingi kutakiwa alete karatasi za babu au nyanya yake. Hapo ndipo penye dhuluma hasa, kwa kuwa shaka haitokani na kasoro yoyote katika vyeti vyake bali na jina lake, na mzigo wa kuiondoa anatwishwa yeye, ilhali kumbukumbu zinazodaiwa zilipaswa kuwekwa na serikali yenyewe. Wakati akisubiri, hawezi kupiga kura, kufungua akaunti ya benki wala kusajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hiyo hana M-Pesa, jambo ambalo katika Nairobi ya leo ni sawa na kukosa mfuko wa kutilia ujira.

Mnamo Machi 2011, Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kuwabagua na kuwaacha bila uhakika wa uraia tangu kuzaliwa. Mwaka 2017 jamii hiyo ilipewa hatimiliki ya ekari 288 za Kibra, nalo lilikuwa jambo la haki lililochelewa mno.

Njia nyingine iliyotumika nchini ni kuzitambua jamii kuwa makabila ya Kenya, kama walivyotambuliwa Wamakonde wa Kwale baada ya kuandamana kwa miguu hadi Nairobi mwaka 2016. Vitambulisho walivyopata vimewafaa sana. Hata hivyo, utaratibu huo unaufanya uraia upitie mlango wa kabila, mlango ambao Katiba haikuuweka.

Mnamo Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa msasa wa ziada uliowaelemea hasa wakazi wa kaunti za mpakani. Tangazo hilo linastahili kuungwa mkono, ila Sheria ya Usajili wa Watu inampa afisa mamlaka ya kudai ushahidi zaidi kwa mwombaji. Ni muhimu sheria hiyo irekebishwe ili afisa anayetilia shaka uraia wa mtu aandike sababu zake, azitoe katika muda uliowekwa, na mwombaji aweze kuzipinga mahakamani.