Noti Isiyokufa: Mhadhara wa Umma kuhusu Sarafu na Uhuru



Nilikuwa nimeandaa mhadhara mwingine kabisa. Miezi michache iliyopita, kwenye kongamano, mwenzangu mmoja ninayemheshimu, na ambaye simtaji kwa kuwa hayupo hapa kujitetea, alisimama akasema kwamba fedha bora kuliko zote tulizopata kuwa nazo ni shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Tulipoachana nayo mwaka 1966, alisema, tuliongozwa na hisia za bendera, na tungali tunalipia hisia hizo. Ukumbi ulimpigia makofi. Usiku ule sikupata usingizi, na asubuhi nikauweka kando mhadhara wangu wa awali.

Hoja yake nitaieleza kwa haki. Bodi iliundwa London mwaka 1919. Misukosuko ya rupia na florini, sarafu zilizoitangulia shilingi, sitawachosha nayo. Tangu shilingi ilipotulia hadi mwisho, shilingi 20 zilikuwa pauni moja, na Zanzibar ikaingia kundini mwaka 1936. Shilingi ilitolewa kwa dhamana ya pauni. Hakuna mwanasiasa aliyeweza kuchapa noti za kulipia ndoto zake. Leo dola moja ni zaidi ya shilingi 2,000. Mwaka 1966 ilikuwa shilingi saba na senti kidogo. Mtu akiziweka namba hizo mbili mbele yenu, mtapiga makofi.

Lakini shilingi ile ilikuwa imara kwa kulinganishwa na nini? Na pauni, basi. Ni kama kusema abiria hajasogea kwa sababu hajainuka kitini, ilhali basi limeshafika Morogoro. Septemba 1949 serikali ya Uingereza iliishusha pauni kutoka dola 4.03 hadi dola 2.80. Shilingi yetu ilishuka nayo siku hiyohiyo, kwa asilimia 30. Matatizo yaliyosababisha uamuzi ule yalikuwa ya Uingereza na madeni yake ya vita. Si Dar es Salaam, si Nairobi, si Kampala, hakuna aliyeulizwa. Mkulima wa kahawa kule Kilimanjaro alilala na akiba yake, akaamka nayo ikiwa imepunguzwa nguvu ya kununua kitu chochote kinachouzwa kwa dola, wala hakuwa na mbunge wa kumlalamikia.

Hilo si kubwa kuliko yote. Wanafunzi wangu huchelewa kuelewa jinsi shilingi ya Bodi ilivyozaliwa, kwa hiyo naomba tulifuate robota moja la pamba kutoka Usukuma. Pamba inauzwa Liverpool, inalipwa kwa pauni. Ili mkulima apate shilingi zake, benki inaikabidhi Bodi pauni zile kule London, na Bodi inatoa shilingi huku. Pauni haisafiri. Inabaki kule, inanunua dhamana za serikali, na inafanya kazi kule. Mama aliyefunga shilingi tano kwenye pindo la kanga yake pale Sengerema alikuwa, bila kujua, anaikopesha London thamani ya shilingi tano. Hadi mwaka 1955 kanuni za Bodi hazikuruhusu hata shilingi moja itolewe kwa dhamana ya serikali za huku. Haki isemwe: riba iliyopatikana baadaye iligawiwa kwa serikali zetu. Ila swali la fedha ile ijenge daraja wapi, imkopeshe nani, na nani asubiri, liliamuliwa na watu ambao hawakuwahi kuuona mto uliohitaji daraja.

Na bei ya pamba ilipoanguka, kama ilivyoanguka miaka ya 1930, pauni zilipungua, kwa hiyo shilingi nazo zikapungua mikononi mwa watu, wakati uleule walipozihitaji zaidi. Kodi haikupungua. Mwenzangu anaiita hali hiyo nidhamu. Naomba aende akawaeleze watoto wa waliouza mbuzi wa mwisho ili wapate shilingi za kodi kwamba ile ilikuwa nidhamu.

Nina ushahidi mmoja ambao kwangu unamaliza ubishi. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, Edwin Mtei akiwa gavana wa kwanza. Miezi 17 baadaye, Novemba 1967, Uingereza ikaishusha tena pauni, kutoka dola 2.80 hadi 2.40. Safari hii Tanzania, Kenya na Uganda zilikataa kufuata. Pauni iliyokuwa shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti 14. Sarafu zilikuwa changa, magavana walikuwa wageni kazini, wakasema hapana, na hapana yao ikasimama. Hiyo ndiyo tofauti ya 1949 na 1967, na hakuna jedwali la mfumuko wa bei linaloweza kuifuta.

Sasa niruhusuni nimzungumzie mtu ambaye maandishi yake nimeishi nayo kwa miaka 30. Jina lake ni Erwin Blumenthal, Mjerumani, mtu wa Bundesbank, benki kuu ya nchi yake. Mwaka 1963 aliiandikia serikali ya Tanganyika ripoti kuhusu mfumo wetu wa fedha na mustakabali wake. Nakala yangu imechakaa; nimeifunga kwa uzi mara mbili. Alipendekeza ngazi mbili: kila nchi iwe na benki yake, na juu yake kiwepo chombo cha pamoja cha Afrika Mashariki, ili sarafu ibaki moja na sauti ziwe tatu. Wazo hilo linanigusa hadi leo, maana lilijaribu kulinda umoja bila kumnyima mtu kauli. Halikujengwa. Siasa za shirikisho zilikuwa zinayeyuka, na Juni 1965 ikatangazwa kwamba kila nchi itakwenda na sarafu yake. Wale wanaoandaa leo sarafu moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, chini ya itifaki iliyotiwa saini Kampala mwaka 2013, wangefanya vyema kuanzia kwenye ripoti ile.

Ila si kwa sababu hiyo tu ninamweka Blumenthal juu ya meza yangu. Mwaka 1978 alitumwa na Shirika la Fedha la Kimataifa kwenda Kinshasa, kuongoza kazi ndani ya benki kuu ya Zaire. Zaire ilikuwa na kila kitu ambacho mwenzangu anasema tulikitamani: sarafu yake, jina lake, picha ya rais wake juu ya noti. Blumenthal alikuta benki ambayo milango yake ya nyuma ilikuwa wazi kwa ikulu na kwa majenerali. Hakumaliza miaka miwili. Ripoti yake iliyojulikana mwaka 1982 ilisema wazi kwamba wakopeshaji wasitarajie kulipwa, na ikaeleza kwa nini. Na Desemba 1979, siku ya Krismasi, serikali ile ilifuta noti kubwa ghafla na kutoa siku chache tu za kuzibadilisha. Ndugu zetu wanaosema Kiswahili huko Lubumbashi na Bukavu waliokaa mbali na benki walibaki na karatasi. Waliokuwa karibu na wakubwa walibadilisha.

Mtu yuleyule, basi, aliona taifa likiidai sarafu yake, kisha akaona taifa lililoipata likiigeuza mtego wa raia wake. Hapo ndipo ninapoachana pia na wale wanaotetea mwaka 1966 kana kwamba hadithi iliishia pale. Haikuishia. Mwaka 1985 dola ilihesabiwa kwa bei ya serikali kama shilingi 17. Katikati ya 1986 ilikuwa shilingi 40, na aliyekuwa na kibubu chumbani ndiye aliyelipa tofauti ile. Uganda, Mei 1987, iliondoa sifuri mbili na kukata asilimia 30 ya fedha iliyobadilishwa: mwenye shilingi 1,000 alitoka na saba.

Nami nina sababu ya nyumbani ya kusema hivi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana Tabora mwaka 1916, akiwauzia askari mihogo ya kuchemsha. Wajerumani walikuwa wamezingirwa, fedha kutoka kwao haikufika, wakafyatua sarafu zao palepale Tabora katika karakana ya reli: za shaba, za thamani ya hela 20 kila moja, zenye taji, mwaka, na herufi T. Bibi aliziweka kwenye kopo. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauchukua mji. Alipozipeleka kubadilisha, aliyekaa nyuma ya meza alizisukuma zikamrudia. Nilipokuwa mtoto aliniruhusu kuzihesabu kila Ijumaa jioni: zilikuwa 43. Ukizisugua kwa majivu zinang'aa kama dhahabu. Aliendelea kuzihesabu hadi alipofariki, na hakuna siku niliyomsikia akiziita takataka. Aliziita mihogo yangu.

Kutoka kwenye kopo lile nimepata imani ambayo takwimu zote nilizosoma baadaye hazijanitoa nayo: noti au sarafu iliyotolewa na benki ya taifa ni ahadi kwa mtu aliyeishika, na ahadi hiyo isiwekewe tarehe ya kufa.

Najua hoja za upande wa pili, na nimezipima. Kenya mwaka 2019 iliwapa watu miezi minne, kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba, kurudisha noti za zamani za shilingi 1,000, kwa lengo la kuwabana walioficha fedha chafu na wanaoghushi. Lengo ni jema, na inawezekana baadhi walibanwa. Hapa kwetu noti za matoleo ya 1985 hadi 2003 zilipewa miezi mitatu, kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025. Noti zile zilikuwa kuukuu na chache, na gharama ya kuziweka kwenye mzunguko ni ya kweli. Ziondolewe sokoni, sina ugomvi. Zikataliwe dukani, sawa. Lakini mlango wa benki iliyozitoa usifungwe. Mwenye fedha chafu ana mawakala wa kumbadilishia ndani ya wiki. Anayechelewa ni mjane anayekuta noti ndani ya godoro la marehemu mumewe mwezi wa Mei.

Wala siombi jambo lisilowezekana. Benki Kuu ya Uingereza hubadilisha noti zake za zamani bila kikomo cha muda. Na Bundesbank, benki ileile aliyotoka Blumenthal, bado inapokea marki zilizoacha kutumika mwaka 2002 na kutoa euro moja kwa kila marki 1.95583, bila tarehe ya mwisho.

Kuna wabunge humu ukumbini, nimewaona mkiingia. Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya mwaka 2006 inahitaji kifungu kimoja kifupi: kwamba noti na sarafu yoyote iliyotolewa na Benki tangu tarehe 14 Juni 1966 italipwa na Benki kwa thamani iliyoandikwa juu yake, siku yoyote itakapoletwa. Nawaomba mkipeleke bungeni.