Mlango wa Madai: Kundi, Mgao na Haki kati ya Nyamitanga na Nakivale

Kutoka hapa Nyamitanga, Mbarara, penye kanisa kuu la Kikatoliki, hadi Ruharo lilipo kanisa kuu la Waanglikana, kisha Kamukuzi ulikokuwa mji wa Mugabe, mfalme wa Ankole, mtu mzima kwa miguu huzunguka asubuhi moja na kurudi. Hata hivyo kwa miaka mingi vilima hivi vilikuwa kama nchi tatu. Uhuru ulipokaribia, ukishajua mtu anasali kilima gani, na kama ni Mwiru mkulima au Muhima mfugaji, ulikuwa umekwisha kujua kura yake. Chama cha DP kiliitwa kwa dhihaka Dini ya Papa, na UPC ikaitwa chama cha Waprotestanti wa Canterbury. Dhihaka hizo zimechakaa, na vijana wengi wa Mbarara, uliopandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020, hawazijui. Swali lililozizaa liko palepale: kwa nini watu waliodhulumiwa kwa namna moja hudai haki kila kundi kivyake, halafu huishia kugombana wao kwa wao kuliko na aliyewadhulumu?

Majibu mawili huja haraka mdomoni. La kwanza husema watu wetu wametawaliwa na ukabila. La pili husema wanasiasa ndio wachochezi. Yote mawili yana ukweli kidogo, na ule ukweli kidogo ndio unaoyafanya yapotoshe. Mimi nadai kwamba tuutazame mlango ambapo madai hupokewa. Ofisi inayomuuliza mlalamikaji kwanza ni wa kundi gani, kabla ya kumuuliza amepatwa na nini, imekwisha kumfundisha namna ya kulia. Atakayerudi kesho atakuja na kundi lake, kwa kuwa ndilo lililosikilizwa jana. Mgawanyiko tunaoulaumu katika midomo ya wadai haki mara nyingi umechapwa tayari katika fomu wanazojaza.

Tuanze na Ankole yenyewe. Mkataba wa 1901 kati ya Waingereza na Ankole uliimarisha utaratibu ambao uchifu ulikuwa mikononi mwa Bahima wafugaji kwa sehemu kubwa, ingawa Bairu wakulima walikuwa wengi zaidi. Kufikia miaka ya 1940 shule za misheni zilikuwa zimetoa Bairu walimu na makarani, Waprotestanti hasa, waliojua kusoma sheria na kuona kwamba ngazi ya uchifu haikuwekwa kwa ajili yao. Hapo ndipo ilipozaliwa harakati ya Kumanyana. Je, walikosea kujipanga kama Bairu? Hawakukosea. Walikuwa wametengwa kama Bairu, na aliyefungiwa mlango kwa sababu ya jina lake hawezi kuufungua kwa kujifanya hana jina. Wanaolaani kila siasa ya kundi hupenda kuruka ukurasa huu. Harakati ilizaa matunda: katikati ya miaka ya 1950, Kesi Nganwa, Mwiru wa Kiprotestanti, akawa Enganzi, yaani waziri mkuu wa Ankole.

Lakini tazameni kilichopatikana. Zilipatikana nafasi, na nafasi huhesabiwa kwa vichwa. Bairu Wakatoliki wa upande huu wa Nyamitanga waliona matunda yanapelekwa Ruharo, wakaungana na Bahima waliokuwa wakiogopa kupoteza walichonacho, na muungano huo ukawa uti wa mgongo wa DP katika Ankole. Waliotengwa na waliowatenga wakakaa meza moja. Wapo wanaouona muungano huo kama usaliti. Mimi nauona kama hesabu tu. Uchifu ulipogawanywa kwa makundi, kila tawi la kundi lilijikagua na kujiuliza limepata ngapi. Mkulima wa Isingiro ambaye hakuwa na ndoto ya uchifu, aliyetaka tu shamba lake liwe salama na kodi iwe ya haki, hakuwa na mlango wake. Majina hayohayo yakarudi Novemba 1993 John Barigye alipotawazwa kuwa Mugabe na serikali ikalibatilisha tendo hilo, huku Buganda, Bunyoro na Toro wakirudishiwa falme zao. Waliopinga walisema ufalme ni ukubwa wa Bahima kurudi, waliounga mkono wakasema ni utamaduni wa wote. Ilikuwa mada ya miaka arobaini nyuma.

Mwaka 1982 ulionyesha mlango wa namna hiyo unavyoweza kugeuka kuwa mtego. Oktoba mwaka huo, chini ya serikali ya pili ya Rais Obote, viongozi wa UPC na vijana wa chama katika wilaya ya Mbarara ya wakati huo waliwafukuza Banyarwanda, watu wenye asili ya Kinyarwanda, majumbani mwao. Watu wapatao 80,000 waling'olewa. Karibu nusu yao walivuka kuingia Rwanda, na maelfu wengine walisukumwa katika makazi ya zamani ya wakimbizi, Nakivale na Oruchinga zikiwemo. Ng'ombe walichukuliwa, nyumba zikachomwa, mashamba yakapata wamiliki wapya. Jambo la kuzingatia ni kwamba wengi wa waliofukuzwa walikuwa raia wa Uganda, na wapo Bahima waliofagiwa kwa kufananishwa tu. Manung'uniko ya wenyeji maskini kuhusu ardhi na malisho yalikuwa ya kweli. Lakini hakuna aliyeitisha kikao kuuliza nani kapora shamba la nani. Lilitajwa jina, na kila aliyebeba jina hilo akalipa deni, awe alikopa au hakukopa. Ardhi iliyochukuliwa haikuwatosheleza maskini waliopewa kisingizio. Iliwanufaisha waliokuwa karibu na chama. Na kumbukumbu ya mwaka huo ni mojawapo ya mambo yaliyowasukuma vijana wa kambini kujiunga na vita vya msituni dhidi ya serikali hiyo, na kisha kuivamia Rwanda Oktoba 1990.

Mtu angetarajia Katiba ya 1995, iliyoandikwa na watu waliouona mwaka 1982, ingekuja na swali jingine. Badala yake ilikuja na orodha. Raia wa kuzaliwa ni mtu ambaye mzazi au babu au bibi yake ni wa mojawapo ya jamii zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Jamii 56 zikatajwa, na mwaka 2005 zikaongezwa kufikia 65. Banyarwanda wamo ndani ya orodha. Hata hivyo, kwa miaka mingi raia wenye jina hilo wamelalamika kwamba wakifika kwenye dirisha la pasipoti au kitambulisho cha taifa hudhaniwa kuwa wageni. Baadhi yao, wakiongozwa na Frank Gashumba, wameanzisha kampeni ya kutaka jamii yao iitwe Abavandimwe. Maragoli wa Kiryandongo, wasiokuwemo katika orodha, wamepigania kuingizwa. Waganda wenye asili ya Kihindi nao wameomba kutambuliwa kama kabila. Kila mmoja wa hawa ana madai ya haki, na madai yao kwa undani ni mamoja: mtu aliyezaliwa hapa na kuishi hapa asitiliwe shaka kwa ajili ya asili yake. Lakini hawakusimama pamoja kudai orodha iondolewe. Mmoja aliomba kubadilishiwa jina, wengine wakaomba kuongezwa, kila mmoja katika foleni yake. Siwalaumu, mwenye njaa ya pasipoti hana muda wa kuandika katiba upya. Ni ushahidi tu wa nguvu ya mlango. India imeonyesha jambo hilo kwa ukubwa zaidi: mwaka 2015 Wapatidar wa Gujarat, jamii isiyokuwa ya mafukara, waliandamana kwa mamia ya maelfu wakidai nao waorodheshwe miongoni mwa walioachwa nyuma.

Hapa pana pingamizi zito, na lina nchi nzima nyuma yake. Kama majina yanagawa, si tuyafute? Rwanda ilichagua njia hiyo, na haikuichagua kwa ubwege. Vitambulisho vyenye kabila, vilivyoletwa na Wabelgiji miaka ya 1930, ndivyo vilivyosomwa kwenye vizuizi vya barabarani mwaka 1994. Nchi iliyopitia hayo ina haki ya kuogopa neno. Lakini sheria inayokataza kutaja kundi inaweza pia kumziba mdomo anayetaka kuonyesha kwamba kundi fulani halipati. Burundi ilikwenda upande wa pili: baada ya Mkataba wa Arusha wa 2000, Katiba ya 2005 iliweka asilimia 60 ya Wahutu na 40 ya Watutsi bungeni na serikalini, na nusu kwa nusu jeshini. Mgawo huo ulituliza hofu ya kweli, na ninausifu kwa hilo. Haukuweza kusema lolote kuhusu rais anayetaka muhula wa tatu, na mwaka 2015 Warundi wa makundi yote mawili walikimbia, maelfu yao wakafika Nakivale. Congo ilitumia tarehe: sheria ya 1981 ilidai mababu waliokuwa nchini tarehe 1 Agosti 1885, sheria ya 2004 ikasogeza kipimo hadi uhuru wa 1960, na Banyamulenge, jamii ya Watutsi wa Congo, wakabaki wakibishaniwa kabla na baada. Ni wachache duniani walio na nafasi ya kuzilinganisha sera hizi kama wakazi wa Nakivale, ambako waliozikimbia wote wanateka maji ziwa moja.

Nakivale ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Kinyarwanda. Leo wengi ni Wakongo, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, na vijiji kadhaa vinajulikana kwa uraia wa wakazi wake. Uchumi wake kwa muda mrefu umetegemea mgao wa misaada. Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliacha kuwapa wote sawa na likazipanga kaya katika makundi matatu kwa kadiri ya shida: asilimia 60 ya posho, asilimia 30, na wengine hawapati kitu. Nikifuata hoja yangu, huo ni mlango bora, maana unauliza hali ya kaya badala ya asili yake. Ni bora kwenye karatasi. Lakini vigezo vikielezwa nusunusu, na ofisi ya rufaa ikiwa mbali, mtu huziba pengo la maelezo kwa jina la jirani: fulani wamependelewa, fulani wana ndugu ughaibuni. Halafu Mei 2025, fedha za wafadhili zilipokauka, chakula cha wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda kikasitishwa. Uchache hauzai ukabila peke yake, lakini uchache usioelezwa huukaribisha. Kwa hiyo kuuliza swali sahihi hakutoshi. Anayepimwa lazima aweze kuona mizani na kuibishia.

Wengine watasema naidharau chuki. Chuki ipo. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi wa Banyamulenge zaidi ya 150 waliuawa Gatumba, Burundi, kwa sababu ya jina walilobeba. Hakuna fomu iliyofanya hivyo, na manusura wa mauaji ya namna hiyo akiomba kusikilizwa kama Munyamulenge, kumwambia ataje shida tu na aache jina ni kumdhulumu mara ya pili. Hapo jina ni ushahidi wa kosa, kama lilivyokuwa kwa Bairu wa Kumanyana. Ninachokataa ni ushahidi huo kugeuzwa hatimiliki, ili mtoto wake na jirani yake wahukumiwe milele kwa jina hilohilo, wapewe kwa sababu yake au wanyimwe.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa wenyeji wa Isingiro, wilaya iliko Nakivale, na ndilo linalosikika mara chache katika mikutano ya wafadhili. Wanasema: sisi tulikuwa maskini kabla ya kambi, mbona maskini wa kigeni ana shirika na sisi tuna diwani tu? Ni swali la haki. Serikali ilijibu kwa kanuni ya asilimia 30 ya misaada kuwafikia jamii zinazowapokea wakimbizi. Nia ni njema, lakini chungu kimegawanywa viwili, na kila upande unachungulia cha mwenzake. Linganisheni na kituo cha afya ndani ya makazi, kinachomtibu Mnyankore wa kijiji cha jirani na Mkongo kwa foleni moja. Huko ugomvi huwa juu ya dawa kwisha, na ugomvi wa dawa kwisha unaweza kupelekwa mbele na wote kwa sauti moja. Mipaka ya ardhi ya makazi, ambayo wenyeji na wakimbizi wameibishania kwa miongo, ingefaa ishughulikiwe hivyohivyo: shamba kwa shamba, nani alilima nini na tangu lini.

Uraia ndio mlango mgumu kuliko yote. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inasifiwa duniani kwa kuwaruhusu wakimbizi kutembea na kufanya kazi, na sifa hiyo ni halali. Lakini Ibara ya 12 ya Katiba inamnyima haki ya kuandikishwa kuwa raia mtu ambaye mzazi wake, au hata babu au bibi yake, alikuwa mkimbizi. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilisema mkimbizi hawezi kuandikishwa ila anaweza kuomba uraia wa tajinisi, njia inayodai miaka 20 ya kuishi nchini na ambayo kwa wakimbizi imebaki nyembamba mno. Miaka 20 ni kipimo ninachoweza kukitetea mbele ya mtu yeyote, mwenyeji au mgeni, kwa sababu hakiulizi damu. Aliyezaliwa Nakivale mwaka 2000 ameitimiza kitambo bila kuvuka mpaka wowote, na dirishani bado anaulizwa babu yake alikuwa nani.