Jedwali la Nyumba Zetu



Orodha ya nyumba na michango ya mtaro tumeiweka kwenye ramani ya QGIS, programu isiyolipiwa, juu ya picha za ndege zisizo na rubani zilizoanza kupigwa Unguja mwaka 2016. Tabaka la nyumba si faili moja: .shp lina michoro, .dbf lina jedwali, na yapo mengine ya jina hilohilo. Mstari wa kwanza wa jedwali ni wa nyumba ya kwanza iliyochorwa. Basi mtu akilifungua .dbf kwa LibreOffice, akapanga majina kialfabeti akahifadhi, mchango wa huyu umehamia nyumba ya yule. Maneno yatakayofuata mtaani mnayajua! Anayetaka kusoma tunampa nakala ya CSV. Mafaili ya asili tunayanakili yote pamoja. Tunaomba mtuchangie diski mbili: moja ya ofisini, nyingine ikae kwa mweka hazina, mbali na maji ya masika.