Protini Zafichua Tabia ya Saratani ya Kinywa



Saratani mbili za kinywa zaweza kulingana kwa ukubwa na sura, lakini moja ikakua polepole na nyingine ikakimbilia tezi za shingo. Tofauti hiyo ndiyo iliyowafanya wataalamu wasitosheke kuutazama uvimbe, bali wachunguze protini zilizomo katika chembe zake.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Daktari hukata kipande kidogo cha nyama penye kidonda. Maabara hukipasua kipande hicho kikawa chembamba mno, kisha hukitia kingamwili zinazoishika protini moja tu na kuipa rangi. Chini ya hadubini, penye rangi ndipo penye protini.

Protini ya p53, iliyogunduliwa mwaka 1979, ni mlinzi: huizuia chembe yenye kasoro isigawanyike. Mlinzi huyo akiharibika, mara nyingi hulundikana katika kiini cha chembe pasipo kufanya kazi. Ki-67, iliyoelezwa na wataalamu wa Ujerumani mwaka 1983, huonekana katika chembe zinazogawanyika. Ikizidi, uvimbe unakua kwa kasi. E-kadherini ni gundi ya kushikanisha chembe. Ikipungua, chembe hubanduka na kupenya tishu za jirani.

Hata hivyo, alama moja haina maana ileile kila mahali. Katika saratani za tonsili na shina la ulimi, wingi wa p16 huashiria virusi vya papiloma, na kwa kawaida wagonjwa hao hupata nafuu kuliko wenzao. Toleo la nane la mwongozo wa Marekani wa kupanga hatua za saratani, lililoanza kutumika mwaka 2018, liliziweka saratani hizo katika fungu lake. Katika kinywa chenyewe p16 haina uzito huo. Huko mwongozo uliongeza kipimo cha kina cha uvimbe, ukaweka mipaka ya milimita 5 na milimita 10.

Hapo pana fundisho. Protini husaidia kueleza tabia ya ugonjwa, lakini haziwezi kurudisha muda uliopotea. Uvimbe uliokwisha kuzama ni mgumu kutibu, hata maabara iwe hodari namna gani.

Visababishi vikuu vinajulikana: tumbaku ya kuvuta na ya kutafuna, pombe, na popoo, ile itiwayo katika tambuu. Ulevi wa tumbaku ukiungana na pombe, hatari huongezeka maradufu na zaidi.

Basi mwalimu na awafundishe wanafunzi, na mtumishi na awaeleze wenzake: kidonda cha kinywa kisichopona kwa wiki mbili, au baka jeupe au jekundu lisilofutika, lipelekwe kwa daktari. Hadubini huanza kazi pale tu mgonjwa anapofika hospitali.