Kompyuta Bila Wataalamu ni Mzigo



Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Haikuwa kwa kuchukia maendeleo. Mitambo iliyonunuliwa kwa ajili ya hesabu za Serikali ilileta vurugu badala ya nafuu, kwani utaalamu ulikuwa mikononi mwa wageni. Sisi tulikuwa na chuma tu.

Marufuku ile ilikwisha zamani, lakini funzo lake lingali hai. Kujua kubonyeza vitufe si kuimiliki kompyuta. Anayeimiliki ni yule awezaye kutunga programu, yaani maagizo yanayofuatana hatua kwa hatua, ambayo mashine huyatii bila kufikiri. Agizo moja likikosewa, mashine hulirudia kosa hilo mara elfu.

Kazi hiyo haichagui mtoto wa tajiri. Yataka akili iliyozoea mpango. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975 kwa ajili ya mkulima na mfanyakazi. Basi vijana wafundishwe humo kutunga programu za kutunza hesabu ya pamba ya ushirika na kukokotoa malipo ya mkulima. Tusipofanya hivyo, tutaendelea kukodi akili za wengine.