Mtoki Usipasuliwe: Tafuta Kidonda

(Mazungumzo ya mhamasishaji wa afya kwenye mkutano wa wakazi wa kambi)



Mwezi uliopita mdogo wangu alijikata kidole cha mguu kwa jembe. Siku ya tatu akavimba mtoki kwenye kinena, akawa anachechemea. Jirani yetu, kwa nia njema, akaleta wembe aupasue. Nilimzuia. Leo nataka niwaeleze kwa nini.

Mwilini, mbali na mishipa ya damu, kuna mishipa mingine myembamba inayopitisha majimaji yaitwayo limfu. Majimaji haya hutoka kwenye damu, hupita katikati ya nyama za mwili, huzoa vijidudu, kisha hurudi kwenye damu karibu na shingo. Njiani hupita kwenye tezi ndogo kama maharagwe, zipatazo 600 mwili mzima. Tunazoweza kuzigusa ziko shingoni, makwapani na kwenye kinena.

Tezi hizo ni kama walinzi wa lango la ghala: kila kipitacho hukaguliwa. Ndani yake mna chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Vijidudu vikikamatwa hapo, askari huongezeka, tezi huvimba na kuuma. Huo ndio mtoki. Ukiupasua unamjeruhi mlinzi wako. Tena wembe mchafu huweza kuleta pepopunda, na uliotumiwa na mwingine huweza kuleta virusi vya UKIMWI.

Basi tufanye nini? Tutafute mahali adui alipoingilia:
- Mtoki wa kinena: angalia mguu, na pia sehemu za siri.
- Wa kwapani: angalia mkono.
- Wa chini ya taya: angalia meno, koo na masikio.

Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kifunikwe kwa kitambaa safi.

Nenda zahanati mara moja ukiona homa, usaha, au mstari mwekundu unaopanda kutoka kwenye kidonda. Nenda pia kama uvimbe haupungui baada ya wiki mbili, hata kama hauumi. Uvimbe wa shingo pamoja na kikohozi na kukonda huweza kuwa kifua kikuu, nacho kinatibika.

Mdogo wangu alisafishwa kidonda, akachomwa sindano ya pepopunda na kupewa dawa. Mtoki ulinywea wenyewe. Sasa anacheza mpira.

Mwenye swali aulize.